Moshi Usio na Moto

Ndugu walimu wenzangu, wazee wetu wametuachia methali isemayo kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Nimeifundisha methali hiyo kwa muda wa miaka 34, nikiwaeleza wanafunzi maana yake ya juu na ile ya ndani, wala sikupata kuitilia shaka hata siku moja. Kisha, baada ya kustaafu, nikaletewa chombo kitoacho moshi pasipo moto wowote. Chombo hicho ni kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, nacho ndicho kilichomfanya marehemu baba yangu aseme jambo alilolificha kwa zaidi ya miaka 50. Nimeona si vibaya kuyaandika hayo katika jarida letu, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya ufundi, mna mambo ya lugha, na mna deni.

Mnamo Desemba 2016 binti yangu, afanyaye kazi ya uuguzi huko Ujerumani, alikuja likizo nyumbani kwetu Tororo. Alimletea babu yake zawadi ya garimoshi dogo la mfano, alilolinunua katika soko la vitu vikuukuu. Mfano huo ulikuwa wa kichwa cha aina ya 01, aina iliyoanza kutumika katika reli za Ujerumani mwaka 1926. Umepunguzwa mara 87, hata kichwa ambacho hasa kina urefu wa karibu mita 24 kikawa na sentimita 28 hivi. Reli zake zimeachana milimita 16.5 tu. Tulizipanga mezani kwa umbo la yai, tukaunga nyaya, na garimoshi likaanza kuzunguka.

Baba alikuwa ameketi katika kiti chake cha siku zote. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 80, na mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumpunguzia nuru ya macho yake yote mawili. Alianza kazi ya reli mwaka 1957, akiwa mchochea moto katika njia ya Mombasa na Nairobi, akarudi kwetu Uganda mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli zikagawanywa. Kiswahili chake kilikuwa cha huko relini, na mimi nilikipata kutoka kinywani mwake kabla sijajua kwamba lugha ina ngeli. Alipoonyeshwa mfano ule aliupapasa kwa vidole, gurudumu kwa gurudumu, akasema, "Hii nazuri. Lakini hii nakufa. Moshi iko wapi?"

Binti yangu akacheka, akatoa mfukoni chupa ndogo. "Subiri, babu," akasema. "Huu nao una moshi."

Hapo ndipo nilipokutana na kile chombo. Kwa kuwa sikujua jina lake la Kiswahili, nilikiita kifukizi, kutokana na kitenzi kufukiza, nami nawaomba wenzangu walio na jina bora wanisahihishe. Watu wa pwani watakifahamu upesi nikisema kuwa ni ndugu wa chetezo. Tofauti ni kwamba chetezo hutiwa kaa la moto na udi, ilhali kifukizi hutiwa mafuta na umeme. Ni kibomba cha madini kilichozibwa chini, na husimamishwa ndani ya dohani ya garimoshi. Ndani yake mna kijibomba chembamba mno pamoja na waya upatao joto umeme upitapo. Mafuta yaliyo chini hupanda katika kijibomba kile kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, yakafika penye joto, yakachemka na kurushwa juu. Yanapokutana na hewa baridi hupoa na kugeuka matone madogo sana yaeleayo, na matone hayo ndiyo macho yetu huyaona kuwa ni moshi.

Basi si moshi hasa, kwa sababu hakuna kilichoungua. Wala si mvuke wa maji. Ni ukungu wa mafuta. Jambo hili lilinirudisha kwenye neno letu garimoshi. Waingereza waliliita gari hili kwa mvuke uliolisukuma. Sisi tukaliita kwa moshi tuliouona ukija kutoka mbali. Hatukukosea. Katika garimoshi la kweli vitu hivyo viwili hutoka pamoja. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hupelekwa chini ya dohani, ukarushwa juu kwa nguvu, na katika kutoka kwake huvuta hewa ipite motoni. Kwa hiyo kadiri garimoshi lifanyavyo kazi ngumu, ndivyo moto wake uvutwavyo na kuwaka zaidi. Sauti ile ya pumzi tuliyoipenda utotoni ndiyo sauti ya kazi hiyo, nayo katika kichwa chenye silinda mbili husikika mara nne kila gurudumu lizungukapo mara moja.

Mafundi wa mifano walitamani moshi huo tangu zamani. Mwaka 1946 kampuni ya Lionel ya Marekani ilitoa garimoshi la mfano lililotoa moshi kwa kidonge kilichodondoshwa juu ya taa ya umeme yenye joto; mwaka uliofuata taa hiyo ikaanza kuachwa, ukatumiwa waya wa kupasha joto. Baadaye mafuta yakashika nafasi ya vidonge katika mifano mingi. Siku hizi mifano mikubwa hutiwa pangaboi dogo liusukumao moshi kwa kufuata mzunguko wa magurudumu, ili utoke kwa pumzi pumzi. Mfano wetu haukuwa na pangaboi. Moshi wake ulipanda pole pole kama wa sigara iliyosahauliwa kisahanini, kwa maana unaweza kulipunguza garimoshi mara 87, lakini hewa na tone la ukungu havipunguziki.

Siku ile ya kwanza nilikosea kama wakoseavyo wageni wote wa kazi. Nilijaza mafuta hadi juu, nikidhani kuwa mafuta mengi yatatoa moshi mwingi. Hapakutoka moshi. Dohani ilitema matone, mafuta yakateremka ubavuni mwa garimoshi hadi kwenye reli, na magurudumu yakaanza kuteleza mahali pamoja. Baba hakuona lolote kati ya hayo, lakini aliisikia ile mizunguko ya bure. Akasema, "Nateleza. Wewe nazamisha moto, mwalimu. Mafuta mingi hapana moshi mingi."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Kifukizi hutiwa mafuta nusu tu, basi. Kikijaa, joto la ule waya mdogo hulemewa na mafuta baridi yaliyo juu yake. Kadhalika yapasa kuangalia kusiwe na povu la hewa lililonasa ndani ya kibomba, kwani povu hilo huzuia mafuta yasifike penye joto, na mtu asiyejua hudhani chombo kimeharibika. Kumbe dawa yake ni kukigonga taratibu kwa kucha au kupitisha waya mwembamba. Tena, katika mfano wa namna yetu, nguvu ya umeme uendeshao magurudumu ndiyo hiyo hiyo ipashayo kifukizi joto. Ukienda pole pole moshi hufifia, na ukienda mbio huzidi. Na mafuta yawe yale yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu asijaribu mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kuziba, wala mafuta ya taa ya dukani, ambayo yaweza kushika moto.

Tulifyonza mafuta kwa bomba la sindano, tukafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, tukaanza upya. Safari hii moshi ukatoka, mweupe na mwembamba. Baba akaomba tumsogeze karibu na dirisha ili mwanga uwe nyuma ya garimoshi, akainamisha uso, akautazama kwa muda mrefu.

"Nyeupe sana," akasema hatimaye. "Hii moto yake iko baridi. Hewa nashinda mafuta."

Nikamwuliza mchochea moto alipaswa kuona moshi wa rangi gani. Alinieleza kuwa magarimoshi aliyoyafanyia kazi yalichoma mafuta mazito, si makaa. Moshi mweusi ulikuwa aibu, maana ulionyesha kuwa mafuta yanapotea bure na mabomba yanajaa masizi. Moshi mweupe ulionyesha hewa kuzidi. Moshi mwema ni ule ambao karibu hauuoni, wa kijivu chepesi juu ya dohani. Mabomba yalipojaa masizi walirusha mchanga motoni, nao ukavutwa na kuyakwangua, likatoka wingu jeusi ambalo lilikuwa halali kwa dakika chache. Nilimsikia akiyataja majitu yale ya aina ya 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, na kiliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mahali palipo juu kwa zaidi ya mita 1,600, na yote hayo juu ya reli zilizoachana mita moja tu. Kwa wiki nzima hatukula chakula cha jioni bila habari za milima hiyo.

Binti yangu akarudi kazini kwake Januari. Mimi nikabaki na garimoshi, na kila Jumapili baada ya chakula baba aliniomba niliwashe. Jumapili moja ya Februari nilikuwa nimeingia katika mazungumzo na jirani mlangoni, na garimoshi likaachwa likizunguka. Moshi ukapungua, ukakoma. Niliuona umekoma, lakini sikuzima umeme. Nilidhani mafuta kidogo yaliyobaki yatapanda tena. Nikaendelea na mazungumzo. Ghafla nikasikia kiti cha baba kikianguka. Alikuwa amesimama, mikono yake ikitafuta meza.

"Zima!" akapiga kelele. "Zima! Kavu! Nasikia harufu, iko kavu!"

Nilizima. Palikuwa na harufu ya chuma kilichoungua, nyembamba sana, ambayo mimi niliyesimama karibu nilikuwa sijaitambua. Kifukizi kilikuwa kimekufa. Hili ndilo kosa lisilosameheka katika utunzaji wa chombo hicho. Mafuta hayatoi moshi tu, bali pia huubeba mwingi wa joto la waya na kwenda nalo. Yakiisha, joto halina pa kwenda, na waya hujiunguza wenyewe. Nilimweleza baba hayo kwa upole, nikidhani ameshtuka kwa ajili ya zawadi ya mjukuu wake. Nikamwahidi kwamba tutaagiza kingine, kwamba bei yake si kubwa.

Hakunijibu. Nilimkalisha, nikaona mikono yake inatetemeka. Baada ya kitambo akaanza kusema, na yale aliyoyasema nayaandika hapa kwa kifupi.

Katika garimoshi la mvuke, sanduku la moto limezungukwa na maji ya bwela, na juu ya dari yake lazima maji yawepo wakati wote. Maji ndiyo yaokoayo chuma kisiyeyuke, kama mafuta yaokoavyo waya wa kifukizi. Katika dari hiyo huwekwa kizibo chenye risasi. Maji yakipungua hata dari ikawa wazi, risasi huyeyuka kwanza, mvuke ukamwagika motoni kwa kishindo, na watu wakapata onyo kabla bwela halijapasuka. Kazi ya mchochea moto ni kutazama kioo cha kupimia maji na kuingiza maji mapya. Na kioo hicho hakiaminiwi kwa kukitupia jicho tu, kwa sababu garimoshi likipanda mlima maji huegemea nyuma, na vijia vyake vikiziba huonyesha maji yasiyokuwapo. Hukaguliwa kwa kufungua koki na kuyaacha yatoke na kurudi.

Usiku mmoja wa mwaka 1964, wakipanda kuelekea Nairobi, dereva wake alimwuliza, "Maji?" Baba alikuwa amechoka, na usingizi ulikuwa umemwelemea. Hakufungua koki. Hakutazama hata kioo. Alijibu, "Nusu." Haikupita muda risasi ikayeyuka. Hakuna aliyekufa wala kuumia; treni ilisimama porini hadi asubuhi. Lakini palipofanywa uchunguzi na kuulizwa ni nani aliyetoa habari ya maji, baba alisema kwamba yeye alifuata amri za dereva. Dereva hakubishana naye. Alisema tu kuwa kichwa kilikuwa mikononi mwake. Akaachishwa kazi, na baba akabaki.

"Yule mtu nalinifundisha kazi," baba alisema. "Kila siku nasikia hiyo harufu. Leo nasikia ndani ya nyumba yangu."

Sikuwa na la kumwambia. Mwanao mtu huzoea kumtii mzazi, kumtunza na kumvumilia. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumsikiliza anapoungama. Nilikaa naye mpaka giza likaingia. Hatimaye akaniomba jambo moja, kwamba nimwandikie barua aipeleke kwa dereva yule, kama yu hai, au kwa watu wake.

Kupitia wastaafu wa reli waliokuwa wakipigiana simu naye tulipata habari kwamba dereva alikwisha kufariki, na kwamba mjane wake na binti yake wanaishi Kenya. Kabila letu na kabila lao ni mbalimbali. Baba na dereva hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiyo ilimpasa aombe radhi. Nikashika kalamu, naye akasema maneno haya: "Mimi ndiye nalisema maji iko nusu. Mimi sikuangalia kioo. Baba yenu hapana kosa. Mimi naliogopa, nikanyamaza, na yeye nalibeba."

Ndugu zangu, mnajua mkono wa mwalimu ulivyo. Nilikwisha kuandika "maji yalikuwa nusu" na "niliogopa" kabla hajamaliza kusema. Nilipomsomea, akanisimamisha papo hapo.

"Hayo si maneno yangu. Andika kama nilisema. Ile usiku sikusema 'yalikuwa'. Nalisema 'iko nusu'. Yule mtu nalisikia 'iko'. Wewe nataka kufanya uongo yangu kuwa safi?"

Nikararua karatasi, nikaandika upya, neno kwa neno. Kwa miaka 34 nilikuwa nimetia alama nyekundu chini ya maneno kama yale. Siku hiyo nilitambua kuwa upatanisho wa kisarufi waweza kumficha mtu, na kwamba Kiswahili kile cha relini, ambacho niliwahi kukionea haya mbele ya wenzangu waliosoma Dar es Salaam, ndicho kilichokuwepo usiku ule juu ya kichwa cha garimoshi, na hapakuwa na kingine kiwezacho kutoa ushahidi.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne, limeandikwa na binti wa dereva kwa Kiswahili kizuri sana. Alisema kuwa mwaka ule walitolewa katika nyumba za reli, na kaka yake mkubwa akaacha shule kwa kukosa karo. Alisema kuwa baba yao hakupata kuwasimulia sababu, nao walikua wakiamini kwamba alikuwa mzembe. Barua yetu alimsomea mama yake mara mbili. Mama yake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema tusalimiwe. Mwisho wa barua palikuwa na jina na tarehe, basi. Hapakuwa na neno la msamaha.

Nilishawishika kulainisha barua hiyo nilipomsomea baba, kwa kuwa hakuweza tena kusoma mwenyewe. Lakini nilikuwa nimekwisha kupata somo langu, nikamsomea yote. Aliniomba nirudie mahali palipotajwa karo. Kisha akasema, "Sasa wanajua baba yao hakuwa mzembe. Hiyo natosha. Mengine si haki yangu kuomba." Kila mwezi tangu siku hiyo, kutoka katika pensheni yake ndogo, alitenga kitu kwa ajili ya mjukuu wa dereva aliyekuwa sekondari. Fedha ya kwanza ilirudishwa. Ya pili haikurudishwa.

Kifukizi kipya kilifika kwa posta kutoka kwa binti yangu. Nilikitia kwa uangalifu, nusu ya mafuta, bila povu, na baba akautazama moshi akiwa amegeuza uso kuelekea dirishani. Hakusema tena kuwa ni mweupe mno. Jumapili baada ya Jumapili tuliwasha kwa dakika tano au sita, na yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Mafuta?" Nami nilijifunza kutojibu mpaka nimesimamisha garimoshi, nikainama, nikatazama ndani ya dohani kwa tochi. Alifariki mwaka 2019.

Garimoshi bado ninalo, na wajukuu wakija hulipanga mezani. Nawafundisha watie kidogo, wafungue dirisha kwa sababu ukungu ule huacha utando wa mafuta juu ya samani, wazime mara moshi ukomapo, na kabla ya kulirudisha sandukuni wafyonze mafuta yote yaliyobaki, walilaze garimoshi juu ya magurudumu yake na si ubavuni. Mkubwa wao huniuliza kwa nini namwuliza kila mara kama ametazama kweli au amekisia. Akifikisha umri wa kuelewa nitamwonyesha nakala ya barua ile, yenye maneno "maji iko nusu", ambayo sikuyatia alama nyekundu.